Maikrowevu Lubumbashi: hofu ya mionzi na hatari zilizo karibu zaidi

Katika nyumba za Lubumbashi zenye maikrowevu, kifaa hicho mara nyingi hukaa juu ya kabati au kando ya friza, na hatua chache kutoka hapo, uani, mbabula inawaka makala. Bukari husongwa juu ya makala, sombe huchemka juu ya makala, michopo ya mbuzi huchomwa juu ya makala. Maikrowevu inangoja anayerudi kazini usiku Kampemba au Ruashi, mwanafunzi anayefika nyumbani wenzake wameshakula, na mgonjwa anayetaka uji wa moto wakati mbabula imeshazimwa. Kazi yake kubwa ni kupasha, na kwa kuwa ni kupasha tu, wengi hujifunza kubonyeza kitufe kimoja na kuishia hapo.

Swali linaloulizwa kuliko yote ni la mionzi. Je, inaleta kansa? Inabaki ndani ya chakula? Swali hilo linastahili kujibiwa kwa heshima, hasa hapa. Haut-Katanga ndiyo nyumbani kwa Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi, ambako ilichimbwa urani iliyotumiwa na Marekani katika kutengeneza bomu la atomiki, na ambako serikali ilipiga marufuku uchimbaji wa mikono mwaka 2004. Watu waliokua wakisikia habari za mawe yanayodhuru bila kuonekana wana kila sababu ya kulitazama kwa shaka sanduku linalopasha chakula bila moto.

Lakini mionzi si ya aina moja. Ile ya urani ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu na kuharibu chembe za urithi mwilini, na jiwe lenyewe halina swichi: hutoa mionzi usiku na mchana, karne baada ya karne. Mawimbi ya maikrowevu ni ndugu wa mawimbi ya redio na ya simu, na nguvu hiyo hayana. Yanachofanya ni kuzitikisa molekuli za maji zilizomo ndani ya chakula, na mtikisiko huo ndio joto lenyewe. Swichi ikizimwa, mawimbi hukoma papo hapo kama mwanga wa taa, na chakula hakibaki na chochote isipokuwa joto. Virutubishi navyo hupungua kwa kila njia ya kupika. Mboga iliyopashwa dakika tatu haipotezi vitamini nyingi kuliko ile iliyochemshwa nusu saa na maji yake kumwagwa.

Hofu hii ina hasara moja kubwa: imechukua nafasi ya hofu zenye msingi. Katika jiji hili maikrowevu inaweza kudhuru watu kwa njia tatu zilizo wazi zaidi, nazo ni umeme usiotulia, chombo kisichofaa, na chakula kilichokaa bila baridi wakati umeme umekatika. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Kwanza kifaa chenyewe. Moyo wake ni magnetroni. Mwezi Februari 1940, John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walitengeneza aina yake mpya kwa kutoboa matundu katika kipande kinene cha shaba, madini yaleyale yaliyoizaa Lubumbashi mwaka 1910, wakapata mawimbi mafupi yenye nguvu ambayo rada za vita zilikuwa zinayahitaji. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, alikuwa karibu na magnetroni inayofanya kazi alipogundua kwamba kipande cha peremende mfukoni mwake kimeyeyuka. Tanuri ya kwanza iliyouzwa, Radarange ya mwaka 1947, ilikuwa na urefu wa mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300. Ile ndogo ya kuweka mezani ilianza kuenea majumbani baada ya mwaka 1967.

Ndani ya sanduku la kawaida la leo, transfoma hupandisha volti 220 za ukutani hadi 2,000 na zaidi, kisha kapasita na diodi huziongeza mpaka magnetroni ipate volti 4,000 hivi. Mawimbi yanayotoka yana urefu wa sentimita 12. Wavu wa chuma uliomo kwenye kioo cha mlango una matundu ya milimita moja au mbili: mwanga unapita, mtu anaiona sahani ikizunguka, lakini wimbi la sentimita 12 halipiti. Mlango nao una swichi zaidi ya moja zinazokata umeme mara tu unapofunguliwa. Kanuni ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1971, inaruhusu mvujo usiozidi miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, ukipimwa sentimita 5 kutoka kwenye kifaa, na kipimo hicho kiko chini sana ya kile kinachoweza kumdhuru mtu.

Kinachovunja ulinzi huo ni mlango uliopinda, bawaba zilizolegea, kioo kilichopasuka, au mafuta yaliyoganda kwenye kingo hadi mlango usikae sawasawa. Mtoto akiuning'inia mlango ulio wazi, au mtu akiuegemezea sufuria nzito, uharibifu huanza hapo. Maikrowevu yenye mlango wa namna hiyo isitumike hata siku moja mpaka itengenezwe. Kuna jaribio linalosambazwa sana, la kuweka simu ndani na kuipigia, ati ikiita basi kifaa kinavuja. Jaribio hilo halipimi kitu. Mlango umeundwa kuzuia mawimbi ya magnetroni, na simu husikia hata mawimbi dhaifu mno ya masafa mengine. Tena ni rahisi kuisahau humo, na mtu anayefuata akaiwasha.

Tuje kwenye umeme. Umeme wa Katanga ulijengwa kwa ajili ya migodi kwanza. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kazi mwaka 1930, yakafuata Koni, Nzilo na Nseke, na mwaka 1982 ukakamilika mstari wa kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, uliopita juu ya vijiji visivyo na taa ili uzifikie karakana za shaba. Hadi leo migodi na wakazi wanagombea umeme ule ule usiotosha wa SNEL, shirika la umeme la taifa. Matokeo yake kila mkazi wa mitaa ya Katuba au Kenya hapa jijini anayajua: umeme hukatika, na ukiwepo, volteji hushuka jioni wakati kila nyumba imewasha, halafu hupanda ghafla usiku au pale unaporudi baada ya kukatwa.

Kushuka kwa volteji si jambo la taa kufifia tu. Kwenye jiko la umeme la koili, volti 170 mahali pa 220 hubakiza asilimia 60 hivi ya joto. Maikrowevu yenye transfoma ya kawaida nayo hupoteza nguvu nyingi. Sahani inazunguka, taa inawaka, mlio unasikika, lakini dakika tatu zilizotosha jana leo zinatoa chakula vuguvugu, na mwenye njaa hukila hivyo hivyo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kifaa husahau kilichokuwa kinafanya. Chakula kilichofikia nyuzi 40 hubaki gizani kikipoa taratibu, katika joto ambalo bakteria hulipenda kuliko lingine.

Hatari kwa kifaa chenyewe hutokea pale umeme unaporudi. Sekunde za kwanza huja na misukosuko, na mbao za elektroniki za maikrowevu haziivumilii. Njia ya uhakika haina gharama: umeme ukikatika, chomoa plagi, na ukirudi, ngoja dakika tano mpaka taa zitulie. Wakati wa radi pia, kuanzia mvua za Novemba hadi Machi, plagi ikae nje ya soketi. Stabilaiza inasaidia ikiwa ina uwezo wa kutosha, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Maikrowevu iliyoandikwa wati 800 inatoa wati 800 kwa chakula, lakini ukutani inavuta 1,200 au 1,300. Stabilaiza ya televisheni haiiwezi. Jenereta ndogo ya wati 650 haiiwezi. Kwenye betri ya volti 12 na inveta, wati 1,300 ni zaidi ya ampea 100, mzigo unaochosha betri kwa muda mfupi na kuchoma nyaya nyembamba. Inveta za bei rahisi, zisizotoa wimbi laini, huifanya transfoma ivume na kupata moto kupita kiasi.

Kisha kuna soketi. Wati 1,300 kwa volti 220 ni ampea 6 hivi. Chomeka maikrowevu na jiko la koili la wati 1,500 kwenye soketi moja ya kuongezea, na jumla yake inapita ampea 12, ilhali nyingi ya soketi hizo sokoni zimetengenezwa kwa 10, nyingine kwa kiasi kidogo zaidi. Plastiki inageuka kahawia, inanuka, halafu inayeyuka. Zaidi ya hayo, bidhaa zinazoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa zinatoka kila upande: za Afrika Kusini na plagi za miguu mitatu minene, za Dubai na plagi za pembe nne za Kiingereza, za mitumba ya Ulaya na plagi za miguu miwili ya duara. Adapta ndogo inayoziunganisha na soketi ya nyumbani mara nyingi huuacha waya wa ardhi bila kuunganishwa. Anayeishika maikrowevu kwa mkono wenye maji, huku amesimama peku kwenye sementi, akahisi mtetemo vidoleni, ameshapewa taarifa. Kifaa kisitumike mpaka fundi aunganishe waya wa ardhi hadi kwenye fimbo iliyozikwa, kwa maana nyumba nyingi zina soketi zenye nafasi ya waya huo lakini hazina waya wenyewe.

Chombo ndicho chanzo cha ajali nyingine. Jikoni mwa Lubumbashi kumejaa chuma: sufuria za alumini zinazosubuliwa mitaani kutokana na vyuma chakavu, masinia, na zile bakuli za bati zilizopakwa rangi nyeupe na maua. Bakuli la bati linaonekana kama udongo, ila rangi ikibanduka kwenye ukingo, cheche huanzia hapo hapo. Sahani ya kaure yenye mstari wa dhahabu ni vivyo hivyo. Uma, karatasi ya alumini, kifuniko cha mtindi, waya wa kufungia mkate, vyote vitoke kabla mlango haujafungwa.

Plastiki inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayotumika kila siku. Ndoo ya siagi ya mboga na kopo la aiskrimu havikutengenezwa kwa joto. Namba iliyo chini ya chombo, ndani ya pembetatu, husaidia: 5 ni polipropilini, inayostahimili kupashwa. Namba 1, ya chupa za maji, hulegea kabla maji hayajachemka. Namba 6, ya yale masanduku meupe mepesi ya chakula cha kununua, hulainika karibu na nyuzi 100. Sasa fikiria sombe iliyopikwa kwa mafuta ya ngazi. Maji hayapandi zaidi ya kiwango chake cha kuchemka, ambacho Lubumbashi, mita 1,200 juu ya bahari, ni kama nyuzi 96. Mafuta hayana mpaka huo. Pale mafuta yalipojikusanya juu ya sombe, joto hupita kiwango hicho, na kopo hutobolewa au kuachwa na alama nyekundu isiyotoka, ilhali kilichoyeyuka kimeingia chakulani. Kioo kizito au kaure isiyo na dhahabu ndiyo salama. Asiyejua chombo chake kama kinafaa akiweke ndani pamoja na kikombe cha maji, awashe dakika moja: maji yakipata moto na chombo kikabaki baridi, kinafaa.

Karatasi iliyofungiwa michopo nayo isiingie. Ina mafuta, wakati mwingine wino au mabaki ya saruji, na ikikauka inashika moto. Mayai yenye ganda hulipuka, wakati mwingine baada ya kutolewa, mbele ya uso wa mtu. Chochote chenye ngozi, kama viazi vitamu, soseji au maini, kitobolewe kwanza. Ndakala kavu na karanga zina maji machache mno, kwa hiyo huungua kutoka ndani kabla nje haijaonyesha dalili. Maji matupu katika glasi laini yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila povu hata moja, kisha yakaruka yote pale sukari au kahawa inapotiwa. Kijiti safi cha mti kikiwemo ndani ya glasi, huchemka kama kawaida.

Moto ukiwaka ndani, mlango usifunguliwe. Chomoa plagi au ukate umeme kwenye swichi kuu, uache moto ufe kwa kukosa hewa.

Hatari ya chakula ndiyo kubwa kuliko zote, na inaunganika moja kwa moja na umeme. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi yake kwa saa nne hivi bila umeme. Friza iliyojaa huweza kufika siku mbili, na iliyojaa nusu hufika siku moja, mradi mlango usifunguliwe. Baada ya hapo wali, maharagwe, nyama na samaki huanza kuharibika bila kubadili harufu. Wengi hudhani kupasha kunaua kila kitu. Bakteria wengi hufa kweli chakula kikifikia nyuzi 70 kila mahali, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza. Ila baadhi yao huacha sumu nyuma. Sumu ya Staphylococcus, inayotokana mara nyingi na mikono ya mpishi, na ile ya Bacillus cereus kwenye wali uliokaa, hustahimili joto la kupikia. Chakula kilichokaa saa nyingi katika joto la chumba, maikrowevu haiwezi kukirudisha. Shirika hilo hilo linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili.

Halafu kuna upashaji usio sawa. Mawimbi huingia sentimita mbili au tatu tu ndani ya chakula, na hayasambai sawasawa, ndiyo maana sahani huzunguka. Tonge kubwa la bukari la jana ni mfano mzuri. Likiwekwa zima, ukingo unakauka na kuwa mgumu, katikati panabaki baridi. Likivunjwa vipande vya ukubwa wa nusu ngumi, vikapangwa kwa duara na kuachwa nafasi katikati, vikanyunyiziwa maji vijiko viwili na kufunikwa kwa sahani ya kaure iliyogeuzwa, mvuke unafanya kazi ambayo mawimbi hayafiki. Dakika mbili, mlango ufunguliwe, vipande vigeuzwe, dakika nyingine mbili, kisha viachwe vimefunikwa dakika mbili zaidi bila kuwasha, kwa kuwa joto linaendelea kusafiri kuelekea katikati. Mchuzi na maharagwe vikorogwe nusu ya safari. Maziwa ya mtoto mchanga yasipashwe humo kabisa: chupa huonekana vuguvugu kwa nje ilhali ndani pana sehemu inayounguza koo. Chupa ikae kwenye bakuli la maji moto.

Usafi nao ni usalama, si urembo. Kwenye ukuta wa ndani, mara nyingi upande wa kulia, kuna kikaratasi kigumu cha rangi ya fedha iliyofifia. Ni maika, na ndiko mawimbi yanakotokea. Mchuzi wa nyanya au mafuta yakirukia hapo na kuachwa, huungua, hugeuka kaboni, na kaboni huvuta cheche mpaka tundu linatoboka. Watu wengi wametupa kifaa kizima kwa ajili ya kikaratasi ambacho fundi hukikata na kukibadilisha kwa bei ndogo. Cheche zikionekana upande huo, zima na uangalie maika kwanza. Kusafisha kwenyewe ni kuchemsha kikombe cha maji yenye ndimu dakika tatu, kungoja tano mlango umefungwa, kisha kufuta kwa kitambaa laini, bila steeli wuli, ambayo huacha nyuzi za chuma na kukwaruza rangi. Rangi ikibanduka ndani, kutu inayofuata nayo hutoa cheche.

Nje kuna vumbi jekundu la kiangazi, Mei hadi Septemba, linaloziba matundu ya hewa. Kuna pia mende, wanaopenda joto la saketi na kufa wakiwa wameunganisha nyaya mbili. Nafasi ya sentimita kumi nyuma, ukuta usio na mafuta, na makombo yasiyolala chini ya sahani husaidia kuliko dawa ya kupulizia, ambayo haifai kuingia kwenye kifaa cha chakula.

Ndani ya sanduku la chuma asiguse mtu ambaye si fundi wa kazi hiyo. Kapasita inaweza kubaki na volti zaidi ya elfu mbili hata baada ya plagi kuchomolewa, na mshtuko huo unaua. Nchini Marekani, watu zaidi ya 30 wamekufa kwa kutumia transfoma za maikrowevu zilizong'olewa, kwa lengo la kuchoma michoro kwenye mbao. Katika jiji ambalo shaba chakavu ina mnunuzi kila mtaa, maikrowevu mbovu isiachwe uani ambako vijana wataipasua kutafuta nyaya.

Kwa haya yote, mtu anaweza kudhani mbabula ni salama zaidi. Si kweli. Makala yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa kaboni monoksidi isiyo na harufu, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Miombo inayokatwa kwa ajili ya makala, yanayoingia mjini kwa baiskeli kwenye barabara ya Kasenga na ya Kipushi, imesogea mbali mwaka hadi mwaka. Kupasha sahani moja dakika tatu kwa maikrowevu kunatumia chini ya sehemu moja ya kumi ya kilowati-saa. Penye umeme, kutowasha mbabula kwa sahani moja ni uamuzi wenye busara.

Anayenunua, hasa mtumba, aanzie nyuma ya kifaa, kwenye kibandiko. Kinatakiwa kusema volti 220 hadi 240 na hezi 50. Kilichotumwa na ndugu kutoka Marekani au Kanada kinasema 120 na 60. Hata kikipata transfoma ya kupunguza volti, transfoma yake ya ndani huzidiwa na joto kwenye hezi 50, na saa inayohesabu mawimbi ya umeme huchelewa dakika kumi kila saa. Baada ya kibandiko, mlango: ufungwe polepole na kusikilizwa, usukumwe kushoto na kulia, mwanga wa simu upitishwe kwenye kingo kutafuta kutu. Kisha maji. Lita moja ya maji ya baridi katika bakuli la kioo, kipimajoto, dakika moja kwa nguvu ya juu, kisha koroga na upime tena. Kila nyuzi moja iliyopanda ni wati 70 hivi. Maikrowevu ya wati 800 inatakiwa kupandisha nyuzi 11. Ikipandisha 6, ama magnetroni imechoka ama volteji ya dukani iko chini, na muuzaji apime soketi yake mbele ya mteja kabla hawajazungumza bei.